Barua Yenye Muhuri
Namna ya kuomba taarifa za serikali na taarifa zako binafsi: kijitabu kwa wananchi wa Bukene



Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mkulima wa mpunga na karanga, mfugaji, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, mstaafu wa reli anayefuatilia mafao yake, na kijana ambaye jina lililo kwenye cheti chake cha kidato cha nne halilingani na lililo kwenye kitambulisho cha taifa. Kila mmoja wao ana karatasi mahali fulani, katika faili la ofisi fulani, inayoeleza habari zake au za mali yake. Mara nyingi hajawahi kuiona. Huenda hata hajui kwamba anaruhusiwa kuiomba.

Anaruhusiwa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi na kwa jamii. Ibara ya 16 inalinda faragha yake, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Ibara hizo mbili zimezaa sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara na kumwezesha raia kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayompa mtu sauti juu ya habari zake mwenyewe popote zilipohifadhiwa, iwe serikalini, benki, hospitali au kampuni ya simu.

Kuwa na sheria ni jambo moja, kuitumia ni jingine. Tunalolisisitiza tangu ukurasa huu wa kwanza ni kwamba swali la mdomo halina tarehe. Ukiuliza dirishani ukajibiwa "njoo wiki ijayo", huna kitu cha kumwonyesha yeyote mwezi ukipita. Ukipeleka barua, ikapokelewa na nakala yako ikagongwa muhuri wenye tarehe, siku za kisheria zimeanza kuhesabika na ofisi ina deni kwako.

KARATASI ZINAZOKUHUSU ZIKO WAPI

Watu wengi hukata tamaa kwa sababu wamekwenda ofisi ambayo haina wanachokitafuta. Kwa mkazi wa Bukene, wilayani Nzega, nyaraka zimegawanyika hivi.

Kwenye ofisi ya kijiji, chini ya mtendaji wa kijiji, kuna mihtasari ya vikao vya halmashauri ya kijiji na ya mkutano mkuu, daftari la mapato na matumizi, na rejista ya ardhi ya kijiji inayotakiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Humo ndimo zinamoandikwa hati za hakimiliki za kimila. Ofisi ya kata hupokea taarifa za vijiji vyake. Halmashauri ya Wilaya ya Nzega ndiyo yenye bajeti za shule na zahanati, orodha za vikundi vilivyokopeshwa, na majalada ya ardhi. Mikataba ya barabara za wilaya iko kwa wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, na ya visima iko kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA. Mkoani Tabora kuna ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Vitambulisho viko chini ya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo viko chini ya RITA, na michango ya hifadhi ya jamii iko kwenye mifuko yenyewe, yaani NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma.

Kuna nyaraka ambazo huhitaji kuziombea barua. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa hadharani kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni mwezi Aprili, na zinazitaja halmashauri kwa majina. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure mtandaoni. Mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Kwenye mkutano huo una haki ya kuuliza na kudai karatasi isomwe, hivyo kabla ya kuandika barua ya kwenda wilayani, hakikisha hujaruka nafasi hiyo.

NAMNA YA KUANDIKA OMBI

Barua haihitaji wakili wala Kiswahili cha mahakamani. Inahitaji jina lako, anuani au namba ya simu, na maelezo yanayotosha kumwezesha afisa kuzipata nyaraka. Mfano ni huu:

Kwa: Meneja wa RUWASA, Wilaya ya Nzega.
Yah: Ombi la taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016.
Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa kijiji cha ............, kata ya ............ Naomba nakala za nyaraka zifuatazo: (1) mkataba wa uchimbaji wa kisima cha kijiji chetu wa mwaka wa fedha ............; (2) hati za malipo aliyolipwa mkandarasi; (3) ripoti ya makabidhiano ya kazi. Niko tayari kulipia gharama za kunakili. Naomba kujibiwa kwa maandishi kupitia anuani iliyo hapo juu.
Jina, sahihi, tarehe.

Angalia namna barua hiyo ilivyoomba nyaraka. Haikuuliza "kwa nini kisima hakitoi maji", wala haikumtuhumu mtu. Swali la "kwa nini" hujibiwa kwa maelezo, na maelezo yanaweza kuwa ya namna yoyote. Mkataba ni mkataba, na hati ya malipo ina namba, tarehe na kiasi. Ukishakuwa nazo mkononi, swali lako la kwa nini litajibika lenyewe, au utaliuliza kwenye mkutano wa hadhara ukiwa na ushahidi. Mtu akiomba "taarifa zote za maji" atazungushwa, na hatuwezi kumlaumu afisa kwa hilo. Ombi pana ni vigumu kulitimiza.

Chapisha au andika kwa mkono nakala mbili. Ipeleke masijala, yaani ofisi inayopokea na kusajili barua zote, si mezani kwa mtu unayemfahamu. Karani wa masijala agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala zote mbili na kuandika tarehe, kisha ubaki na yako. Kama ofisi ni ya kijiji na haina masijala, mtendaji aandike "nimepokea", aweke sahihi, tarehe na muhuri. Akisema muhuri hauko karibu, mwombe kwa heshima aandike kwa kalamu. Mama mtu mzima anaweza kabisa kusema: "Sawa mwanangu, nimekusikia kwamba faili liko wilayani, ila niandikie hapa chini ya barua yangu kwamba ndivyo ulivyonijibu." Hakuna ukosefu wa adabu katika maneno hayo.

Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaruhusiwa na sheria kuomba kwa mdomo. Hapo ni wajibu wa afisa kuliandika ombi hilo. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu huna mwandishi. Ada inayoweza kutozwa ni ile ya gharama halisi ya kutoa nakala, si zaidi.

FIDIA YA ARDHI: MAHALI PENYE UMUHIMU MKUBWA KULIKO POTE

Tumelipa suala hili nafasi kubwa kwa sababu ndilo linaloumiza watu wengi katika ukanda huu. Njia ya misafara iliyotoka pwani ilipita Unyanyembe, eneo la Tabora, na tawi lake likaendelea kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria. Waingereza wakafuata mwelekeo huohuo walipojenga reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928 na kuifanya Bukene kuwa mji wa stesheni. Leo reli ya kisasa inajengwa kwenye ukanda uleule, kipande cha Tabora hadi Isaka chenye urefu wa kilomita 165. Na bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika wilaya ya Nzega. Kila mradi wa namna hii unakuja na wapimaji, alama za rangi kwenye miti na kuta, na wathamini wenye fomu.

Fomu hiyo ndiyo kila kitu. Mthamini anapofika shambani kwako huandika ukubwa wa eneo, idadi na aina ya miti, nyumba na vifaa vilivyoijenga, makaburi kama yapo, na hukuomba uweke sahihi au dole gumba. Miembe kumi ikiandikwa minne, utalipwa minne. Kwa hiyo isome fomu kabla ya kusaini, au isomwe mbele yako na mtoto anayejua kusoma. Ipige picha kwa simu, kila ukurasa, pamoja na namba iliyoandikwa juu yake. Kama ilishajazwa na huna nakala, hiyo ni taarifa inayokuhusu wewe mwenyewe, na una njia zote mbili za kuidai: sheria ya mwaka 2016 kama mmiliki wa taarifa ni ofisi ya serikali, na ile ya 2022 kwa taasisi yoyote inayohifadhi habari zako.

Omba mambo matatu: fomu ya uthamini wa mali yako; ukurasa wa jedwali la fidia wenye jina lako, kama ulivyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali; na tarehe ya idhini hiyo. Tarehe ni muhimu kwa sababu ya fedha. Chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu kuidhinishwa huanza kuzaa riba, na uthamini wenyewe hudumu miaka miwili. Ukipita muda huo bila malipo, mali inapaswa kuthaminiwa upya. Mwananchi asiyejua tarehe ya idhini hawezi kudai riba wala uthamini mpya. Tumeona wazee wakifuatilia malipo kwa miaka wakiulizia kiasi peke yake, ilhali tarehe ndiyo ingewapa nguvu ya kudai.

Kwa kijiji kizima, nyaraka za kuomba ni muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia kutoa ardhi, pamoja na ramani ya mipaka ya kijiji. Mipaka mingi ya vijiji vyetu ilichorwa baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa kwenda kuishi pamoja. Migogoro mingi ya leo chanzo chake ni pale, na bila kuiona ramani hakuna mjadala wa maana.

SIKU THELATHINI, NA BAADA YA HAPO

Afisa aliyepokea ombi anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Anaweza kukupa taarifa, kukuambia haipo kwake, au kukataa. Akikataa, lazima akueleze sababu. Sababu zinazokubalika zimetajwa na sheria: usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu mwingine, siri halali ya biashara na nyinginezo za namna hiyo. "Hii ni ya ndani" au "aliyeandika kahama" si sababu za kisheria.

Ukinyimwa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi husika, naye ana siku 30 za kuamua. Usiporidhika, unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya sheria ndani ya siku 30. Kila hatua iwe ya maandishi, ukiambatisha nakala ya ile barua yako yenye muhuri. Siku 30 zikipita kimya, usisubiri kwa matumaini; mwandikie mkuu wa taasisi mara moja.

Lazima tuseme wazi kwamba utaratibu huu una udhaifu. Rufaa inaishia kwa Waziri, ambaye ni sehemu ya serikali ileile iliyoombwa taarifa. Kenya, iliyotunga sheria yake mwaka huohuo wa 2016, inampa mwombaji jibu ndani ya siku 21, na saa 48 kama maisha au uhuru wa mtu uko hatarini, na malalamiko yake huenda kwenye tume inayojitegemea. Uganda ina sheria tangu mwaka 2005, nayo imeweka siku 21. Tanzania inapaswa kufika huko. Hadi hapo, tunatumia tulichonacho, na tunakitumia kikamilifu.

Jambo moja la tahadhari: ni kosa la jinai kuipotosha taarifa uliyopewa. Ukiisoma mbele ya watu, isome kama ilivyo, tarakimu kwa tarakimu. Vilevile ni kosa kwa afisa kuharibu au kubadilisha nyaraka ili zisikufikie.

TAARIFA ZAKO MWENYEWE

Katika sehemu zetu majina huandikwa na makarani waliotoka pande mbalimbali, na kila mmoja huandika alivyosikia. Kulwa anakuwa Kurwa, Doto anakuwa Dotto, na jina la babu linaachwa au kuongezwa. Shuleni hilo halina shida. Shida inakuja siku ya kuomba mkopo wa chuo, ajira au mirathi, mfumo unaposema watu hawa ni wawili.

Sheria ya 2022 inakupa haki ya kujua taasisi ina taarifa gani kukuhusu, inazitumia kwa ajili gani na imempa nani. Haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Haki ya kuzuia zisitumike kukutangazia biashara. Na haki ya fidia ukidhurika. Kwa kosa la jina, iandikie taasisi yenye kosa, ambatisha cheti cha zamani kuliko vyote ulivyonavyo, na kiapo cha mahakamani kama kinatakiwa. Anza na cheti cha kuzaliwa, kwani nyaraka nyingine hujengwa juu yake. Kusahihisha kitambulisho kabla ya cheti ni kujitafutia kazi ya mara mbili.

Haki hii inahusu pia yale yanayosemwa juu yako. Majibu ya vipimo vyako zahanati ni yako na mtoa huduma wako. Namba yako ya kitambulisho haipaswi kubandikwa ukutani pamoja na orodha ya watu. Na mikopo ya simu ni lazima tuitaje. Programu nyingi za mikopo zilikuwa zikichota majina yote yaliyo kwenye simu ya mkopaji, kisha akichelewa kulipa zinawatumia ujumbe wa aibu mkwe wake, mchungaji wake na mwajiri wake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kudaiwa hakumwondolei mtu utu wake. Ukifanyiwa hivyo, tunza ujumbe huo, usiufute, na ulalamike kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Tume inatakiwa kuchunguza lalamiko ndani ya siku 90, muda unaoweza kuongezwa.

SHERIA MBILI ZINAPOGONGANA

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kilichonyimwa kinaweza kuomba orodha ya vikundi vilivyopata, kiasi na vigezo vilivyotumika. Je, hiyo si siri ya watu? Kwa maoni yetu, jina la kikundi, kijiji chake na kiasi kilichotolewa ni habari za fedha za umma, na umma una haki nazo. Namba za simu za wanakikundi, namba zao za vitambulisho, au maelezo ya ulemavu wa mtu ni mambo yake binafsi, wala huyahitaji. Andika kwenye ombi lako: "Naomba taarifa binafsi za wanachama zifunikwe." Sentensi hiyo humwondolea afisa kisingizio cha faragha, na humlinda jirani yako pia.

NYARAKA ZA ZAMANI

Anayetafuta historia ya ukoo, utemi au kijiji chake aende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Chini ya sheria ya mwaka 2002, kumbukumbu za umma kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Humo mna mafaili ya Wajerumani, ya utawala wa Kiingereza katika Jimbo la Magharibi, na ya miaka ya mwanzo ya uhuru. Baadhi ya kumbukumbu za Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara ziko mbali zaidi: makaratasi ya msafiri Henry Morton Stanley yanahifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Nayo yanaweza kuombwa kwa barua.

PA KUPATA MSAADA

Ukikwama kuandika, mwone msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza alipo. Malalamiko ya kunyanyaswa na ofisi ya umma hupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kuomba taarifa hakukuhitaji barua ya diwani wala kadi ya chama chochote, na huduma ya msaidizi wa kisheria ni bure.